Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: Madaktari bingwa nao wanahitaji miongozo ya huduma ya msingi

Kwa:
Mkurugenzi wa Tiba,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Kamati ya Mafunzo na Maktaba.

YAH: OMBI LA VYANZO VYA REJEA VYA HUDUMA YA AFYA YA MSINGI KWA MADAKTARI BINGWA

Waheshimiwa,

Naandika barua hii hadharani baada ya barua tatu nilizowapelekea kwa njia ya kawaida, katika muda wa miezi 14, kujibiwa kila moja kwa mstari mmoja kwamba imepokelewa. Sikusudii kumwaibisha mtu, na kwa sababu hiyo sitaitaja hospitali yetu wala jina la kiongozi yeyote. Mnaoandikiwa mnajijua, na nina hakika kwamba wenzangu wa hospitali nyingine watakaoisoma watayatambua haya kuwa ni yao pia.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya figo. Wagonjwa wangu wengi husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kila mara kwa saa 4 hivi, na wengine nimekuwa nao kwa miaka. Mtu unayeonana naye kwa wingi huo hakuletei figo peke yake. Anakuletea kikohozi chake, goti lake, usingizi uliomtoroka, kivimbe alichokipapasa shingoni wakati anaoga, na swali la binti yake kama chanjo fulani aipate au asiipate. Cheti changu kinasema kwamba mimi ni bingwa wa kiungo kimoja, lakini kwa mgonjwa huyu mimi ndiye daktari, na mara nyingi hana mwingine.

Hospitali imetupatia, mimi na wenzangu wa moyo, wa mifupa, wa saratani na wa macho, vitabu na majarida mazuri ya fani zetu, nami nashukuru kwa hilo. Haijatupatia hata rejea moja ya kuaminika kuhusu mambo ambayo daktari wa ngazi ya kwanza hukutana nayo kila siku. Naomba mniruhusu nieleze pengo hilo linavyowaumiza wagonjwa, hoja kwa hoja.

1. Malalamiko ya kawaida yanatupita mbele ya macho yetu.

Mama mmoja wa makamo, ambaye ni mgonjwa wangu wa siku nyingi, aliniambia asubuhi moja, akiwa tayari ameunganishwa kwenye mashine: "Daktari, nikigeuka tu kitandani, nyumba nzima inazunguka." Jibu lote lilikuwa ndani ya neno lile "nikigeuka", nami nililisikia nikaliacha lipite. Nilimsikiliza kwa masikio ya bingwa wa figo. Nikafikiria kwamba shinikizo la damu linashuka mno, nikafikiria kwamba tunamtoa maji kupita kiasi. Nikampunguzia dawa za shinikizo la damu, nikapandisha kwa kilo 1 uzito tunaolenga aufikie anapomaliza kusafishwa. Kizunguzungu kikabaki palepale. Nikaagiza picha ya CT ya kichwa, ikarudi safi. Wiki ya tatu aliletwa wodini miguu imevimba, amekaa wima kitandani akishikilia ukingo kwa mikono miwili kwa sababu akilala hapumui. Maji yaliyokuwa yakimzuia kupumua ni yale niliyoagiza yaachwe mwilini mwake.

Aliyemponya kizunguzungu ni daktari wa kituo cha afya, ambaye alikuwa amemwendea kwa shida nyingine kabisa. Alipomsikia akisema "nikigeuka", alimkalisha kitandani, akamgeuza kichwa upande mmoja kwa nyuzi 45 hivi, akamlaza chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo, kisha akamtazama macho. Baada ya sekunde chache mboni zikaanza kuchezacheza. Hicho ni kipimo kilichoelezwa na madaktari Dix na Hallpike mwaka 1952, na hakihitaji mashine wala damu ya mgonjwa. Kinaonyesha kwamba chembe ndogo mno za chokaa ndani ya sikio zimebanduka mahali pake zikaingia kwenye mmoja wa mifereji inayoupa mwili usawa. Kisha daktari yule akamgeuza hatua kwa hatua, kwa utaratibu ambao daktari Epley aliuchapisha mwaka 1992, ili chembe zile zirudi zilikotoka. Kazi yote ilichukua kama dakika 10. Mama aliporudi kwangu aliniambia: "Amenigeuzageuza kama mtoto anayeogeshwa, daktari, na kimeisha."

Nilimtafuta mwenzangu yule ili nimshukuru, naye akanionyesha alichokuwa akikitumia. Ni kurasa 2 za mwongozo wa huduma ya msingi, pembe zake zimelegea kwa kushikwashikwa. Juu yake pameandikwa "Kizunguzungu", na swali la kwanza chini yake ni kama kinakuja mgonjwa anapogeuza kichwa. Pembeni kuna kisanduku cha dalili za hatari: kuumwa kichwa ghafla kuliko kawaida, kuona vitu viwiliviwili, maneno kukokoteka, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kabisa kusimama, kupoteza kusikia kwa ghafla. Ukimkuta mgonjwa na mojawapo ya hizo, hupotezi muda kumgeuza, unampeleka hospitali kubwa mara moja. Maktaba yetu ina rafu nzima ya vitabu vya figo na nyingine ya moyo, na kurasa zile 2 hazimo.

2. Vitabu vyetu vinaanzia mahali ambapo mgonjwa bado hajafika.

Kitabu cha ubingwa hupangwa kwa majina ya magonjwa. Mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anakuja amechoka, anajikuna, au anakohoa kwa mwezi wa pili. Madaktari wa familia walilitambua hili zamani, ndiyo maana shirikisho lao la dunia, WONCA, lilichapisha mwaka 1987 mfumo wa uainishaji ambao unaiweka sababu iliyomleta mgonjwa mahali pa kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe haujajulikana. Rejea zao zimejengwa juu ya fikra hiyohiyo, na mtu akizifungua anaanzia pale alipo mgonjwa.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa naomba wajumbe wa Bodi ambao si madaktari wanivumilie, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake, kwa kutumia takwimu za Marekani na Uingereza, walionyesha kwamba katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja, watu 750 hivi huugua au kuumia kwa namna fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na mtu 1 tu hupelekwa kwenye hospitali ya chuo kikuu. Hesabu ya namna hiyo iliporudiwa Marekani mwaka 2001, idadi ya waliofika hospitali za vyuo vikuu ilikuwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Sisi mabingwa tumefundishwa kwa huyo mmoja. Kila tunachokijua kuhusu uzito wa dalili tumejifunza kwa watu ambao tayari wamechujwa na madaktari wengine kabla ya kutufikia.

Madhara yake ni haya. Chukueni kipimo kinachowagundua watu 90 katika kila 100 wenye ugonjwa, na kuwapa majibu sahihi watu 90 katika kila 100 wasio nao. Katika kliniki ya bingwa, ambamo tuseme nusu ya wanaopimwa wanao kweli ugonjwa unaotafutwa, mtu akiambiwa "unao", uwezekano kwamba anao ni asilimia 90. Kipelekeni kipimo hichohicho kwa watu 1,000 ambao 10 tu kati yao ni wagonjwa. Kitawakamata 9 kati ya hao 10, na pamoja nao kitawatuhumu watu 99 ambao hawana kitu. Kati ya majibu 108 ya "unao", 9 tu ndiyo ya kweli. Mashine haijabadilika, wala aliyepima hajakosea. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele ya kipimo.

Kwa hiyo ninapoulizwa na ndugu wa mgonjwa, au na mgonjwa mwenyewe, juu ya maumivu ya kiuno yaliyoanza wiki iliyopita, mazoea yangu yanasema agiza picha, wakati miongozo ya huduma ya msingi inasema kwamba maumivu hayo hayahitaji picha katika wiki za mwanzo, isipokuwa pakiwa na dalili za hatari kama vile ganzi katikati ya mapaja, mkojo kuziba, homa, kukonda bila sababu au historia ya saratani. Picha isiyohitajika nayo huleta kitu, kwa kuwa migongo mingi ya watu wasioumwa chochote ina pingili zilizochakaa. Mgonjwa anaondoka na jina la ugonjwa, na anaanza kuuogopa mgongo wake. Mtu asidhani kwamba rejea za huduma ya msingi ni toleo jepesi la vitabu vyetu. Zimetokana na idadi nyingine ya watu, na zinatufundisha jambo ambalo ubingwa hautufundishi, yaani lini tusipime na lini tungoje.

3. Dawa za kawaida zinaandikwa na watu wasiozitazama kwa pamoja.

Hili nalishuhudia kutoka upande wa pili, kwa kuwa mwisho wa safari ni wodi yangu. Mzee anatumia enalapril kwa shinikizo la damu pamoja na dawa ya kumkojoza maji, zote mbili kwa sababu nzuri. Anamwona bingwa mwingine kwa maumivu ya nyonga, anaandikiwa diclofenac. Baada ya siku chache anaharisha kidogo, hanywi maji ya kutosha, na figo zinasimama. Enalapril hulegeza mshipa unaoitoa damu kwenye chujio la figo, dawa ya maumivu hubana mshipa unaoiingiza, na ya kukojoza hupunguza ujazo wa damu yenyewe, hivyo chujio linabaki bila msukumo. Mwenzangu aliyeandika diclofenac si mzembe. Anaijua nyonga kuliko nitakavyoijua maishani mwangu. Hakuwa na ukurasa mmoja mbele yake unaoanza na swali "Mgonjwa huyu anatumia dawa gani nyingine?", na ukurasa huo ni wa kawaida kabisa katika rejea za madaktari wa familia.

Nisijitoe mimi mwenyewe. Niliwahi kumwandikia clarithromycin, ambayo ni antibayotiki, mgonjwa mwenye maambukizi ya kifua ambaye alikuwa akitumia simvastatin, dawa ya kupunguza lehemu. Dawa hizi mbili hazichanganywi, kwa kuwa ya kwanza huipandisha ya pili kwenye damu hadi misuli ikaweza kuvunjika, na misuli iliyovunjika huziba figo. Mimi, bingwa wa figo, niliandika hivyo saa ya mwisho ya zamu ndefu. Mfamasia aliirudisha karatasi yangu ikiwa na alama ya wino mwekundu. Tunawategemea wafamasia wetu kama ukuta wa mwisho, na kwa namna tulivyojipanga sasa ndio ukuta pekee.

4. Kinga haina mwenyewe.

Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kuitokomeza saratani ya shingo ya kizazi, uliozinduliwa mwaka 2020, unataka ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo chenye ubora wa juu kabla ya kufikisha miaka 35, na tena kabla ya miaka 45. Nina wagonjwa wanawake wa umri huo ambao wamelala kwenye vitanda vya kitengo changu mamia ya saa, na katika majalada yao mengi hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu aliwahi hata kuwauliza. Mimi nilidhani kwamba daktari wa wanawake ameuliza. Daktari wa wanawake hajawahi kuwaona. Ni vivyo hivyo kwa chanjo za watu wazima, kwa uvutaji wa sigara, kwa kuanguka kwa wazee nyumbani.

5. Huzuni na hofu tunaziona, kisha tunageuza uso.

Naandika hili kwa uchungu. Hojaji fupi ya maswali 9 inayotumika kutambua sonona mtu yeyote anaweza kuisoma na mgonjwa wake kwa dakika chache. Swali la mwisho ni kama mgonjwa, katika wiki mbili zilizopita, amewaza kwamba ingekuwa heri afe, au amewaza kujidhuru. Wenzangu wawili wameniambia waziwazi kwamba hawaitumii kwa sababu hawajui wafanye nini mgonjwa akijibu ndiyo. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa matatizo ya akili, uliotolewa mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2016, uliandikwa mahususi kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili, na unaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuuliza juu ya kujidhuru, nani asiachwe peke yake, na nini kiondolewe karibu naye. Upo bila malipo. Hapa kwetu sijauona mezani kwa daktari yeyote.

6. Tulichonacho kimechakaa, na kingine kina mkono wa mwuzaji.

Kwenye kuta na ndani ya droo kuna nakala za nakala, hazina tarehe wala jina la aliyeziandaa. Chati iliyo safi kuliko zote katika chumba changu cha kliniki, inayoeleza hatua za kutibu shinikizo la damu, ina nembo ya mtengenezaji wa dawa inayopendekezwa katika hatua ya kwanza. Nimeibandua.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huenda yakatolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye korido.

Litakuja jibu kwamba mgonjwa mwenye shida ya kawaida aende kwa daktari wa familia. Nakubaliana nalo kwa moyo wote, na siombi nichukue kazi ya daktari wa familia. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliitaja huduma ya msingi kuwa ngazi ya kwanza ya kukutana kwa mtu na mfumo wa afya, na hapo ndipo inapopaswa kuwa. Lakini mtu ambaye siku 3 za wiki yake zinaishia kwenye mashine, na ambaye siku ya pili yake amechoka hata kushika kikombe, hana nguvu ya kwenda kupanga foleni nyingine kwa ajili ya sikio. Atanieleza mimi. Rejea nzuri itaniambia ni lipi nilimalize palepale, lipi nimpeleke kwa daktari wa familia wiki hii, na lipi lisingoje hata saa moja, na hivyo rufaa zangu kwa daktari wa familia zitakuwa za mapema na zenye maelezo yanayoeleweka.

Lipo jibu kwamba bingwa alisoma udaktari wa jumla kabla ya ubingwa, kwa hiyo anayajua hayo. Niliyajua. Mengi niliyofundishwa nimeyasahau kwa kutoyatumia, na baadhi ya niliyoyakumbuka yamebadilishwa na ushahidi mpya wakati mimi nikisoma majarida ya figo. Sioni aibu kulisema hilo. Naona hatari kubwa zaidi kwa anayelikana.

Kuhusu intaneti, ni kweli ipo. Mtandao wa wodini umefungiwa kurasa nyingi, na usajili wa rejea tulio nao hufunguka kwenye kompyuta 1 ya maktaba, ambayo hufungwa saa 10 alasiri. Nikitafuta kwa simu yangu napata matangazo, mabishano ya watu wasiojulikana na miongozo ya miaka iliyopita, vyote kwa mpangilio mmoja, huku mgonjwa akinitazama. Wapo wanaosema sasa kwamba programu za akili mnemba zitajibu kila kitu. Huenda zikasaidia kutafuta, lakini daktari anayewajibika kwa jibu lazima awe na mahali pa kulihakikisha, penye jina la walioandika, tarehe na ushahidi waliouegemea. Mahali hapo ndipo ninapopaomba.

Wengine watahofia sheria, kwamba tutaonekana tunatibu nje ya fani zetu. Tunatibu hivyo tayari, kila siku, kwa kumbukumbu za chuoni. Mwongozo ulioidhinishwa na hospitali unampa daktari mpaka wa kusimamia, na ni afadhali kujitetea ukiwa nao kuliko kujitetea huna.

Linabaki suala la fedha, ambalo silidharau. Sehemu kubwa ya ninachokiomba haina malipo. Mbali na mwongozo wa afya ya akili nilioutaja, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kitabu cha matumizi ya antibayotiki kinachoeleza zaidi ya maambukizi 30 ya kawaida, kwa watoto na watu wazima, kikieleza hata pale ambapo antibayotiki haihitajiki. Shirika hilohilo lina mwongozo wa magonjwa yasiyoambukiza kwa ngazi ya msingi. Haya yote yanahitaji kupakuliwa, kupangwa na kuwekwa mahali ambapo mkono wa daktari unafika. Gharama itakuwa kwenye usajili wa rejea moja kuu, na hapo naomba Kamati itazame ni majarida yapi ya ubingwa tunayoyalipia na ambayo hayafunguliwi na mtu yeyote. Mtunza maktaba anayo orodha hiyo. Nilimwuliza, akaniambia kwamba hajawahi kuombwa aitoe.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, hospitali ichague rejea moja kuu ya huduma ya msingi, iliyopangwa kwa malalamiko ya mgonjwa, na kuifungulia kila daktari katika wodi, katika kliniki na kwenye simu yake, kwa namna itakayofanya kazi hata mtandao ukikatika.

Pili, ziandaliwe kurasa fupi za malalamiko 30 yanayowafikia mabingwa mara nyingi, kila lalamiko lisizidi kurasa 2. Naomba sana ziandikwe na madaktari wa familia, sisi tukiwa wasomaji wao wa kwanza. Tukiziandika sisi, kizunguzungu kitakuwa cha figo tena. Kila ukurasa uanze na dalili za hatari, ufuate maswali ya kuuliza na mambo ya kuchunguza kwa mikono, useme wazi ni vipimo gani visiagizwe, na umalizie na muda wa kumwona mgonjwa tena. Kwa wagonjwa wa figo, wa ini na wajawazito pawe na mstari wa dawa za kuepuka. Mstari huo wa figo nitauandika mimi.

Tatu, liwepo jedwali moja la chanjo na uchunguzi wa mapema kwa watu wazima, libandikwe ndani ya jalada la kila mgonjwa wa muda mrefu, na kila kisanduku kiwe na nafasi ya tarehe na sahihi, ili swali la nani ameuliza lisiwe la kukisia.

Nne, daktari wa familia apatikane kwa simu kwa saa 1 kila siku ya kazi, kwa ajili ya mabingwa wenye swali. Wao hutupigia sisi kila siku kuuliza juu ya wagonjwa wao. Sijui kwa nini tuliamua kwamba simu hiyo iende upande mmoja.

Tano, kila ukurasa uwe na jina la anayewajibika nao, tarehe ulipopitiwa na tarehe utakapopitiwa tena, na usigharamiwe na mtengenezaji au mwuzaji yeyote wa dawa.

Sita, saa tutakazotumia kujifunza mambo haya zihesabiwe katika mafunzo endelevu sawasawa na mikutano ya fani zetu. Hivi sasa hazihesabiwi, na daktari mwenye kuchoka atachagua kile kinachohesabiwa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua hii, likitaja kwa kila ombi kama limekubaliwa, nani atalisimamia na kuanzia lini. Pale mtakapokataa, naomba sababu iandikwe. Nikiitwa nije kueleza mbele ya Kamati au ya Bodi, nitakuja siku yoyote. Nipo tayari pia kutoa jioni 2 kila mwezi, bila malipo, kusaidia kuandaa kurasa hizo, na wenzangu wanne wa idara nyingine wamenituma niseme kwamba watafanya vivyo hivyo.

Nimeambatanisha nakala ya kurasa zile 2 za kizunguzungu, kwa ruhusa ya mwenzangu aliyenipa, ili muone ukubwa wa kitu tunachokiomba. Yule mama amenipa idhini ya kusimulia habari zake bila jina. Bado tunaonana mara 3 kwa wiki, na Jumatatu iliyopita ameniuliza juu ya bega lake la kushoto, ambalo haliinuki tena anapochana nywele. Nimemwambia kwamba nitamjibu Ijumaa.

Wenu katika huduma,

Daktari bingwa wa magonjwa ya figo